Kamba Niliyoipeleka Likoni

Farasi aliyebaki alikuwa amechimba njia kwa kwato zake. Ilianzia kwenye lango la mabati, ikafuata ukuta wa mawe hadi kwenye tangi la maji, kisha ikarudi ilikotoka. Kila asubuhi niliisikia njia hiyo kabla ya kuiona: hatua, kimya kifupi anapogeuka, hatua tena. Nilikuwa nikimimina chai najikuta nimeshikilia birika hewani, nangoja kile kimya kipite.

Nyumba yetu iko Kiembeni, upande ambao nilipokuwa msichana ulikuwa mashamba ya mihogo. Sasa maghorofa ya kupangisha yametuzunguka pande tatu, na wapangaji wakianika nguo kwenye roshani zao hutazama uani kwetu kama watu wanaotazama televisheni ya jirani. Kiwanja hiki alikiacha baba. Aliacha pia farasi wawili wa kimo kifupi, wa aina ile wanayopandishwa watoto, jike na dume aliyehasiwa. Baba alikuwa saisi. Sehemu kubwa ya umri wake aliimaliza akiwalisha na kuwasugua farasi wa hoteli moja ya ufukweni, na hoteli ilipofungwa, mwenye hoteli akamlipa haki yake kwa farasi badala ya fedha. Mama hakumsamehe mwenye hoteli, hakuwasamehe farasi, na sidhani kama baba mwenyewe alisamehewa sawasawa.

"Wenzake walirudi na friji," husema mpaka leo. "Wangu karudi na vinywa viwili."

Baba alipofariki, vinywa hivyo viwili vikawa vyangu, kwa kuwa ndugu zangu wote wameondoka na mimi ndiye niliyebaki na mama. Siku tano za juma nilifundisha chuoni. Jumapili na siku za Idi niliwatoa farasi wakapandwa na watoto, kwenye sherehe za kuzaliwa au ufukweni Bamburi. Walichokichuma walikila wenyewe, na mara nyingi wakala na changu. Sikulalamika. Kulikuwa na saa moja ya alfajiri, nikishika brashi ya baba iliyokwisha manyoya upande mmoja, ambayo sikuwa tayari kuibadilisha kwa saa nyingine yoyote ya siku.

Kisha, katika masika yaliyopita, dume akaugua tumbo. Asubuhi alikuwa akijilaza na kuinuka, adhuhuri jasho likamtoka shingoni, na kabla ya alasiri kwisha akawa hayupo. Jike alisimama kando yake mpaka watu walipokuja na mkokoteni. Alipoona lango limefungwa na mwenzake yuko nje, akaanza kutembea.

Mwanzoni nilidhani ataacha. Juma la kwanza alikula nusu ya nyasi. Juma la pili alizinusa tu na kuzipa mgongo. Mbavu zikaanza kuhesabika. Nikamwita daktari wa mifugo, naye akampima joto, akamsikiliza tumbo, akamtazama meno, kisha akafunga mkoba wake.

"Hana ugonjwa," akasema. "Ni mpweke. Hawa si wanyama wa kukaa mmoja. Mtafutie mwenzake, la sivyo atakwisha hivihivi mbele ya macho yako."

Alisema "mtafutie mwenzake" kwa sauti ileile ambayo angeniambia ninunue dawa ya minyoo. Na tangu siku ile sikuwa na jambo jingine kichwani. Nikimletea mwenzake, nitawalisha wote wawili kwa nini? Chuo kilikuwa kimetupunguzia vipindi sisi wa mkataba, mshahara ukawa nusu ya ule niliouzoea. Bei ya pumba ilikuwa imepanda. Nyasi zilizokuwa zikiota bure nyuma ya nyumba zilikuwa zimelala chini ya msingi wa ghorofa jipya. Na nisipomletea, daktari alikwisha kuniambia kitakachotokea. Nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi huku nikisikia kwato, na mara mbili niligundua nimeandika maksi kwenye karatasi ambayo sijaisoma.

Mama ndiye aliyetoa wazo la mbuzi.

"Mpweke hachagui," akasema. "Azima mbuzi kwa jirani. Atapata wa kuzungumza naye."

Tukaazima mbuzi. Mbuzi yule alikula nyasi za farasi, akala pumba za farasi, akapanda juu ya tangi la maji, na kutoka huko akamtazama farasi kwa dharau kubwa. Farasi aliendelea kutembea. Siku ya tatu mbuzi akatafuna kanga ya mama iliyokuwa kambani, na mama mwenyewe akamrudisha kwao akimburuta kwa pembe, huku wapangaji wa maghorofa wakimpigia makofi.

Ndipo ikaja simu kutoka Likoni. Mpigaji alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa saisi pamoja na baba katika hoteli ileile. Yeye pia alilipwa kwa farasi, lakini alikuwa na shamba la minazi upande wa Mtongwe, na farasi wake wakazaana. Hao ndio waliokuwa wakimpa kula, kwa kuwapandisha watu ufukweni. Alikuwa amepata habari za msiba wangu. Msiba ndilo neno alilolitumia.

"Nina mtoto wa farasi hapa, dume, ameachishwa ziwa," akasema. "Sitakuuzia kama ninavyowauzia watu. Wewe ni mtoto wa mwenzangu. Njoo umtazame tu, mwanangu. Kutazama si kununua."

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo watu wa ukoo wetu hawaelezani, kwa kuwa kila mtu hulijua tangu utotoni. Kwetu, mnyama akihama kutoka mkono hadi mkono, kamba haihami naye. Anayemtoa hubaki na kamba yake, ili riziki ya wanyama isitoke nyumbani kwake pamoja na kwato. Anayempokea huja na kamba yake mwenyewe. Kwa hiyo anayekwenda kutazama mnyama huenda mikono mitupu. Ukifika kwa mtu mwenye mnyama wa kuuza, nawe una kamba, umekwisha kusema ndiyo kabla hujaamkia.

Nililijua hilo. Baba alinifundisha nikiwa na umri wa kushika pindo la shuka lake. Na bado, asubuhi ya safari, nilipofikiri kwamba si adabu kumwendea mzee wa watu bila chochote, nikajaza pumba nusu gunia iwe zawadi, nikaingia stoo kutafuta cha kufungia, nikachukua kilichokuwa karibu na mkono. Kilikuwa kamba ya yule dume aliyekufa. Nilifunga mdomo wa gunia kwa fundo la baba, nikapanda tuktuk, nikavuka feri, na kichwani mwangu hakukuwa na jingine ila maneno ya kukataa kwa heshima.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mama hajambo? Na shinikizo la damu?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

Akanyanyua macho kuelekea gunia. Nilimwona akiyakaza, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Alhamdulillahi," akasema, na akamwita mkewe. "Njoo uone! Mtoto wa saisi kaja na kamba!"

Mkewe akatoka jikoni na unga mikononi, akapiga kigelegele kifupi. Mimi nikatazama nilichokibeba, na nikahisi damu ikinipanda masikioni. Nikaanza kusema kwamba hiyo ni ya kufungia gunia tu, lakini mzee alikuwa amekwisha kuinama na kulifungua fundo, akicheka.

"Fundo la baba yako hili! Wallahi, ningelijua hata gizani. Na kamba hii naijua, tuliisokota pamoja."

Hakukuwa na nafasi ya kuingiza neno katika furaha ile. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na farasi watatu chini ya minazi, na huyo mtoto alikuwa wa rangi ya kahawia, miguu mirefu kuliko akili, akirusha mateke hewani bila sababu. Mzee akampitishia kamba yetu shingoni. Mtoto akaitikisa, akainusa, akaanza kuitafuna ncha.

"Mzee," nikasema, "nipe nafasi nifikiri. Mambo yangu kazini hayajakaa sawa."

Akanitazama kwa muda. Sikuona hasira usoni mwake. Aliona haya kwa niaba yangu, na hilo lilinichoma zaidi.

"Fikiri, mwanangu," akasema. "Kamba yako itamngojea. Ukighairi, njoo uivue kwa mkono wako. Mimi siwezi kukuvulia."

Nikanywa kahawa, nikala kaimati alizopika mkewe, nikarudi Kiembeni na gunia tupu.

Mama alinisubiri mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Umemfungia mzee wa watu pumba kwa kamba ya farasi," akasema. "Na wewe una digrii."

"Mama, nilisahau."

"Mkono haukusahau. Mkono wako ulikuwa unanunua, wewe ulikuwa unabisha peke yako." Akageuka kuingia ndani, kisha akarudi. "Utawalisha nini wawili? Sasa hivi mmoja hali na bado tunamnunulia. Au tutakula nyasi sisi, wao wapikiwe wali?"

"Nikimwacha hivi atakufa, Mama."

"Najua atakufa. Mimi ninamwona kuliko wewe. Wewe unakwenda kazini. Nashinda naye hapa kutwa, yeye anatembea, mimi nimekaa. Nimechoka kwa safari zake." Akatazama uani. "Jana nilimpa maganda ya tikiti. Hakuyataka. Baba yako alikuwa akimpa maganda ya tikiti."

Sikujua kwamba mama alikuwa akimpa chochote.

Siku zilizofuata sikutulia mahali. Nikiwa darasani nilimwona mtoto wa farasi na ile kamba, akiitafuna. Nikiwa nyumbani nilifungua milango ya kabati na kuifunga bila kutafuta kitu. Nilifikiria kuuza makochi; nilifikiria kufundisha jioni; nilifikiria kumpangisha mtu chumba cha uani, kisha nikakumbuka chumba cha uani ndicho stoo ya nyasi. Kila hesabu niliyoianza ilifika mahali pamoja na kugeuka, kama yule farasi kwenye tangi. Wakati mwingine nilimkasirikia mzee kwa furaha yake. Wakati mwingine nilimkasirikia baba, aliyeniachia kitu kinachohitaji wawili wakati mimi mwenyewe nimeishi mmoja, nisimwambie mtu, wala nyayo zangu hazijachimba njia mlangoni.

Jioni ya Alhamisi nilikwenda kumwekea maji. Hakuja. Nikaamua kumfuata, ndoo mkononi, nikimsemesha kwa maneno ya baba. Yeye mbele, mimi nyuma, ukuta upande mmoja, mpaka langoni. Hapo alisimama akaegemeza kifua kwenye mabati. Nilikuwa nimemwona akigeuka pale mara nyingi kutoka dirishani, lakini sikuwahi kusimama nyuma yake. Hakuwa anageuka tu. Kila alipofika langoni alilisukuma kwanza. Bati lilikuwa limebonyea mahali pa kifua chake.

Muda wote nilikuwa nikijiuliza nimletee nani. Yeye alikuwa akisukuma lango.

Nikaweka ndoo chini, nikampigia mzee.

"Mzee, nikikuletea mimi?"

"Uniletee nini?"

"Farasi wangu."

Nikamsikia akipumua. "Unauza?"

"Siuzi."

"Basi unataka nini, mwanangu?"

"Nataka ale."

Akaniuliza kama bado ni mpole kama zamani, kama bado anakubali watoto wadogo. Nikamwambia ndiyo, hata wakimvuta masikio. Akasema yule mtoto wake alikuwa akimuuza kwa sababu hafai kwa kazi ya ufukweni mpaka afunzwe, na farasi wake wawili wakubwa ni wakali kidogo kwa watoto. Jike mtulivu kwake ni riziki, akiwa naye hatahitaji kumuuza farasi yeyote. Akasema haya polepole, kama anayenisaidia kushuka ngazi. Mwishoni akaongeza, "Lakini kwako itabaki nini?" Nilijidai sikusikia.

Tulimpakia Jumamosi asubuhi kwenye gari la kubebea ng'ombe. Mama hakutoka nje. Alipitisha mkono dirishani akanipa mfuko wa maganda ya tikiti, akasema tu, "Ya njiani."

Kwenye feri watu walilizunguka gari. Nilisimama nyuma pamoja na farasi, nimeishika kamba yake kwa mikono miwili, kwa sababu sakafu ikianza kutetema alianza kutetemeka naye.

"Huyo ni punda wa kizungu?" akauliza mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la viazi karai.

"Punda gani ana nywele kama zako!" akajibu mwenzake. "Farasi huyo. Anakwenda kumchukua bwana harusi."

"Bwana harusi mwenyewe ni nani?"

"Si yule dereva! Mtazame alivyonuna, hajalipiwa mahari."

Dereva akacheka, watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, nikashangaa kusikia sauti yangu. Farasi akanusa beseni la viazi. Mwenye beseni akalivuta, kisha akamwekea kiazi kimoja kwenye kiganja. Hakukila. Lakini alikinusa kwa muda mrefu.

Mzee alikuwa amesimama njiani, mbele ya shamba lake, na kamba mpya ya katani ameipitisha begani. Mkewe akaniambia baadaye kwamba alisimama pale tangu alipotoka msikitini. Tulimshusha farasi. Mzee akaja, akamwamkia kwa kumpulizia puani kama alivyokuwa akifanya baba, akampitishia kamba yake. Kisha akaniachia nafasi, akatazama kando.

Nikaivua yangu. Fundo lilikuwa gumu. Ilipoanguka mkononi, shingo ya farasi ilikuwa na alama ya unyevu mahali ilipokuwa, nami nikaipangusa kwa kiganja. Halafu nikaenda chini ya minazi nikaivua ile nyingine kwenye shingo ya mtoto, kwa mkono wangu, kama nilivyoambiwa. Ncha yake ilikuwa imetafunwa mpaka ikawa kama brashi.

Sikuona lile ambalo nilikuja kuliona. Nilidhani watasimama pamoja, vichwa vikigusana. Wale wakubwa wawili walimjia wakiwa wamelaza masikio, jike wangu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, akatupa teke, mtoto akakimbia huku na huko akitafuna hewa kwa meno yake. Vumbi likapanda.

"Wanaulizana habari," akasema mzee. "Waache. Ukibaki hapa atakuangalia wewe. Nenda, mwanangu."

Nikaenda. Sikugeuka, kwa sababu nilimsikia akilia na nilijua nikigeuka nitarudi.

Kwenye feri ya kurudi nilikaa kati ya abiria wa miguu, kamba mbili zimeviringwa mapajani. Mwanamume aliyekaa karibu alizitazama, kisha akanitazama.

"Umeuza wawili, mama? Soko zuri leo?"

"Sikuuza," nikamwambia.

"Basi wameibiwa?"

"Hawakuibiwa."

Akageukia simu yake.

Nyumbani uani palikuwa kimya mno. Nilikuwa nimengoja kimya kile kwa majuma, na kilipokuja sikujua pa kusimama. Nilifagia, nikamwaga maji yaliyobaki ndooni, nikafika langoni nikalikuta lile bati lililobonyea, nikapitisha kiganja ndani ya mbonyeo wake. Mama alichukua kamba moja bila kuniuliza, akaifunga kutoka kwenye nguzo ya kibaraza mpaka tangini, akaanika kanga zake. Ile iliyotafunwa ncha aliitundika msumarini stoo, ilipokuwa mwanzo.

Baada ya magharibi simu ikalia. Alikuwa mzee.

"Amekula?" nikauliza, hata salamu sikuitoa.

"Usiniulize mimi," akasema. "Sikiliza."

Nikasikia nyayo zake kwenye makuti makavu, kikohozi chake, mtu akimwambia asogee. Kisha hakikusikika kitu. Kisha ikaja sauti ndogo, nzito, ya kusaga, ikatulia, ikarudi. Na nyuma yake nyingine kama hiyo, na nyingine. Sikuweza kujua ipi ni ya wangu. Nikaketi ukingoni mwa tangi, simu nimeikandamiza sikioni, mama naye akaja akainamisha kichwa chake karibu na changu, tukasikiliza wote wawili mpaka salio la mzee likaisha.